Aliyepakata Kodiani

…na pini sita mdomoni siwezi kumjibu, namshukuru Mungu kwa pini hizi, ingawa si vizuri kumshukuru Mungu kwa kitu cha kujifichia, nisamehe Bwana, lakini ndivyo ilivyo, mjukuu wangu amesimama upande wa pili wa meza ya kukatia, kalamu mkononi, na ameuliza mara ya pili, Bibi, hapa chini ya picha niandike nini, nami nimeuonyesha mdomo wangu kwa kidole, yaani subiri kidogo, huoni nina pini, kumbe pini zenyewe sizihitaji, pindo la joho hili nilishalibana lote, zimebaki tu kati ya midomo kama mlinzi aliyesahau kwenda nyumbani, naye anasubiri, mtoto wa adabu, tunamwita Karani kwa sababu tangu alipojua kuandika anaandika kila kitu, siku za kuzaliwa, vipimo vya wateja wangu, hata maneno niliyosema nikiwa na hasira, Bibi, ulisema hivi, tarehe fulani, ninayo hapa, na leo anaandika kijitabu cha baba yake, mwanangu wa kwanza, mwalimu wa kwaya, Jumapili hii anatimiza miaka ishirini na mitano ya kufundisha watu kuimba na kanisa linataka kumpongeza, mimi nimepewa majoho mapya ishirini na manne, Karani amepewa kijitabu, na mchapaji amesema saa kumi anafunga duka lake, kisichomfikia kabla ya saa kumi hakichapwi, sasa ni saa tisa kasorobo, na ukurasa wa pili ndio huo ulioko mezani, kichwa chake kimeshaandikwa kwa herufi kubwa, Kipaji Kilikotoka, chini ya kichwa itakaa picha, na chini ya picha upo mstari mtupu, mstari mmoja tu, mweupe, mfupi kuliko futi yangu ya kupimia, na mimi ninautazama kana kwamba ni shimo.

Picha yenyewe naijua kama kiganja changu, imekaa ukutani kwangu miaka mingi kuliko ndoa yangu ilivyokaa, mzee ameketi kwenye kiti chenye mgongo mrefu, koti la vifungo vitatu, masharubu yamechanwa, kodiani ameipakata, na kushoto kwake msichana wa miaka kumi na miwili amesimama wima kama aliyemeza fimbo, gauni lenye kola nyeupe, nywele zimegawanywa katikati, hacheki, zamani watu hawakuwa wanacheka kwenye picha, walikuwa wanaiheshimu, mzee ndiye Babu Kodiani, baba yake mama yangu, sote tunamwita hivyo, na yule msichana ndiye mama yangu, Bi Mkubwa, ambaye leo ana miaka themanini na sita na yuko pale kwenye kiti chake karibu na dirisha, hatua tano kutoka hapa, kopo la vifungo limekaa mapajani, ananichagulia vifungo vyeupe vya majoho, vya matundu mawili, vya matundu manne anavitenga kwenye kifuniko, macho yake yanaona kuliko yangu, masikio ndiyo yamechoka, ukitaka akusikie sharti umtazame usoni na useme polepole, usipomtazama anabaki na vifungo vyake, na sisi tunaongea habari zake mbele yake kama mtu aliyesafiri, nayo ni dhambi, ndogo, ya kila siku, sijawahi hata kuitaja nikisali.

Mimi nimeanza hivi, anasema Karani, anasoma kwenye daftari, Babu Kodiani, mpigaji hodari, akiwa na binti yake, halafu nikasita, Bibi, kwa sababu kuna kitu hakikai sawa, hebu tazama hapa, na anaisukuma picha mbele yangu juu ya joho la mtu wa sauti ya nne, lile refu, tazama hivi vibao vyeupe na vyeusi, viko upande sio, mimi nimeona watu wakipiga kodiani, vibao huwa mkono wa kulia na vile vitufe vidogo mkono wa kushoto, yeye ameishika kinyume, ni sawa na mimi kukaa kwenye kinanda cha kanisa nikiwa nimekipa mgongo, hata kama alikuwa wa shoto kama Baba asemavyo, mpigaji hodari atashikaje chombo chake kichwa chini… na anacheka kidogo, si kicheko cha dharau, ni cha mtu aliyeona kamba imefungwa vibaya, na mimi kijasho kinanitoka chini ya kitambaa cha kichwa, maana miaka karibu arobaini nimeitazama picha hii na hakuna aliyewahi kuniambia kodiani ina juu na chini, nilijuaje mimi, katika maisha yangu nimeiona kodiani moja tu kwa karibu, hiyo hiyo, niliyoiona ndiyo niliyoidhania sawa… Au fundi picha aliigeuza, anasema Karani, anajijibu mwenyewe kama kawaida yake, nimesikia zamani walikuwa wanakosea wakati wa kusafisha, filamu inalala upande usio wake na kila kitu kinageuka, kulia kunakuwa kushoto, itakuwa hivyo tu, niandike kwamba picha imegeuzwa?

Na mlango ndio huo, umefunguliwa na mtoto mwenyewe, ninachotakiwa ni kutikisa kichwa kukubali, hata pini sina haja ya kuzitoa, uongo wa bure kabisa, umeletwa mpaka mezani, ningeuchukua, nasema kweli mbele ya Mungu, mkono wa roho yangu ulishanyooka kuuchukua, ila macho yangu yakaanguka kwenye koti la mzee, na macho ya fundi cherehani hayana adabu, hayangoji ruhusa, koti la mwanamume ubao, yaani upande wa mbele, wa kushoto unaulalia wa kulia, la mwanamke kinyume, hilo ni jambo la kwanza nililofundishwa nikiwa na miaka kumi na sita na mwalimu wangu alinipiga rula ya vidole nilipokosea, na koti la Babu limelala kiume, sawasawa, kushoto juu ya kulia, kama picha ingekuwa imegeuzwa mzee angeonekana amevaa koti la mke wake, kwa hiyo picha haikugeuzwa, kilicho kushoto kiko kushoto, na katika ukoo huu wote ni mimi peke yangu ninayeweza kulijua hilo, Karani hajui, mchapaji hajui, waumini wote hawatajua, ningetikisa kichwa na ingekwisha… natoa pini moja, naichoma kwenye kijimto cha mkononi, natoa ya pili, polepole, kama mtu anayelipa kwa shida.

Halafu ipo sababu nyingine ya kodiani kushikwa kinyume, tena hiyo niliitoa mimi, zamani, mwanangu alipokuwa na miaka ishirini hivi, ndiyo kwanza amepewa kikundi cha watoto kufundisha, alisimama mbele ya picha hii akaniuliza, Mama, kwani Babu Kodiani alikuwa wa shoto kama mimi, nikiwa nashona, mguu kwenye pedali, nikasema ndiyo, mwanangu, alikuwa wa shoto, sikufikiri hata kidogo, niliitoa kama mtu anavyosema amina, na uso wake ukafunguka, maana yule mtoto aliteseka kwa ajili ya mkono ule, shuleni walimchapa, na nyumbani, wacha niseme, nyumbani nilimfunga utepe mimi mwenyewe, utepe wa pindo, bluu, mkono wa kushoto ukafungwa kwenye mkanda wa kaptula yake ili wa kulia ujifunze kazi, nikirudi sokoni nakuta utepe umefunguliwa na kuviringishwa vizuri mezani na mtoto anachora kwa kushoto, nauliza nani amekufungua, anasema Bibi, na Bi Mkubwa anafagia, hanitazami, anasema, mwache, mkono wake unajua unakokwenda… nikanuna siku mbili, nikaona ananiharibia mtoto, na toka siku ile niliyosema ndiyo, alikuwa wa shoto, mwanangu anawahadithia watu, mimi nimerithi mkono wa Babu Kodiani, hata kwenye mazishi ya watu anawahadithia, anaunyanyua mkono na wanakwaya wanacheka, nami nacheka, na moyoni nafahamu kwamba nimeshonea kiraka juu ya kiraka na kitambaa chenyewe sikumbuki kilikuwa rangi gani.

Rangi yake naikumbuka, wacha kujidanganya mama mzima, Babu hakuwa mpigaji, si hodari wala si dhaifu, Babu alikuwa fundi viatu, muziki hakuujua kabisa, kanisani alikuwa anapiga makofi kama mtu anayefukuza inzi, hayo nimeyasikia kwa Bi Mkubwa mwenyewe, na ile kodiani iliingia dukani kwake na mtu wa bendi aliyekuwa anapita, mapafu yake yamechanika, ile mifuko inayokunjuka na kukunjika, akasema, mzee, wewe ngozi unaijua, nizibie, nitaipitia, hakuipitia, Babu akaizibia kwa ngozi laini ya juu ya viatu vya kike, akaitundika, akangoja miaka miwili mwenyewe arudi, ndivyo alivyokuwa, na katika hiyo miaka miwili bintiye akawa anaishusha kila alasiri akitoka shule, kwanza inakoroma, halafu inalia, halafu siku moja wateja wanaongojea viatu wakanyamaza, na huyo bintiye ndiye msichana aliyemeza fimbo kwenye picha, ndiye huyo pale dirishani mwenye kopo, mpigaji ni mama yangu… Bibi, anasema Karani, chai nikuwekee, natikisa kichwa, ndiyo, weka, chochote mtoto wangu kitakachochukua dakika tatu, anaenda jikoni, namsikia anajaza birika, anaimba kwa pua, naye hana habari.

Alipiga kanisani, alipiga kwenye harusi, aliolewa akaendelea kupiga, baba yangu alikuwa anambebea kodiani mgongoni kama mtoto na hakuona haya, nikazaliwa mimi, akaendelea, kwenye kumbi akawapigia watu wakacheza, yeye ameketi kwenye kiti cha mbao, kitambaa kichwani, macho kafumba, anatabasamu na mtu ambaye sisi hatumwoni, nami nimelala nyuma ya kiti chake juu ya makoti ya watu, nakumbuka ile harufu ya makoti, nakumbuka sauti ikija kupitia ubao wa kiti mpaka kwenye meno yangu, nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko watoto wote, halafu nikafika darasa la nne, msichana mmoja, simtaji, Mungu amrehemu, akasema mbele ya wenzake, mama yako ndiye anayewachezesha walevi, wakacheka, neno moja tu, na mimi nikaingiwa na haya ya mama yangu kama mtu anavyoingiwa na homa, na mwalimu wetu ambaye hakujua lolote akatuma barua nyumbani, siku ya wazazi mama aje na kodiani yake atupigie, Bi Mkubwa alifurahi, alikuwa anakausha mikono kwa taulo ya jikoni, akasema nitawapigia ule wa kuruka ruka, watoto wataupenda, na mimi, miaka kumi, nimesimama mlangoni na soksi moja mguuni, nikamwambia, Mama, usije na kile kitu, wenzangu wana mama wa kawaida.

Akasema, sawa, mwanangu.

Akaitundika ile taulo, siku ya wazazi akaja na gauni la kahawia na kipochi, akaketi kwenye benchi na wanawake wengine, mikono mapajani, akapiga makofi walipopiga, mama wa kawaida kabisa, na mimi nikafurahi, hilo ndilo gumu kulisema, Bwana, sikuona uchungu hata kidogo, nilifurahi, nikala vizuri, nikalala vizuri, na kodiani ikapanda juu ya kabati imefungwa shuka, nikadhani ni kwa siku chache, ikakaa mwaka, ikakaa miaka, watu wakaja kumwita kwenye harusi akasema mabega yananiuma siku hizi, yakawa yanamuuma mabega mwanamke wa miaka thelathini na mbili, na tulipokuja kuishusha panya walishayala mapafu yote, na Babu alishakufa, hapakuwa na mtu wa kuizibia, baba yangu akaibeba kwenda kuitupa na hakurudi mpaka jioni, na mimi nimeokoka mara mbili, nimetubu mbele ya watu kwa jambo la hasira, kwa jambo la wivu, nilitubu hata kwa mita moja na nusu ya kitambaa cha mke wa mchungaji iliyobaki nikajishonea sketi, nikalia kweli kweli kwa sketi ile, watu wakanishika mabega, lakini hili la mama wa kawaida sijalisema kwa mtu yeyote, nililishonea bitana.

Na bitana ndiyo Babu Kodiani, maana mwanangu akiwa na miaka sita aliikuta picha hii ndani ya sanduku, pamoja na ile ya mjomba wa Bi Mkubwa aliyepigwa picha na gitaa lisilo na nyuzi hata moja, kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba, akauliza, Mama, huyu mwenye kodiani ni nani, na Bi Mkubwa alikuwepo, anamenya viazi, nami nikasema haraka kabla hajainua kichwa, huyo ni babu yangu, alikuwa mpigaji hodari, watu walikuwa wanatoka mbali kumsikiliza, nikampa mzee sifa zote za binti yake, moja moja, za makanisa, za harusi, hata kile kitu cha kufumba macho nikampa, na kisu cha Bi Mkubwa kikasimama juu ya kiazi, halafu kikaendelea, akasema, ndiyo, baba alikipenda sana chombo kile… na kila mara hadithi iliposimuliwa mbele yake, miaka yote hii, alisema hayo hayo, baba alikipenda sana, hakuongeza, hakupunguza, hakusema uongo hata siku moja, mimi ndiye niliyekuwa nasikia kwamba ananikubalia.

Karani amerudi na vikombe, ananiwekea changu mbali na majoho, anajua, anampelekea Bi Mkubwa chake, anamwinamia usoni, Bi Mkubwa, chai, moto, taratibu, na Bi Mkubwa anamwambia, asante mke mwenzangu, wewe ndiye unayenitunza, huyu bibi yako ananifanyisha kazi ya vifungo bila hata sahani ya kuwekea, na Karani anacheka, anasema basi gomea, Bi Mkubwa, gomea kazi, naye anasema, nigomee niende wapi, nimeshazeeka kwenye kiwanda hiki, na anarudisha mkono kwenye kopo, nami namtazama, pini zimekwisha zote mdomoni, sina tena cha kunizuia isipokuwa mimi, nautazama ule mkono, unapekua vifungo, unachagua, unatenga, ni wa kushoto… anasalimia kwa wa kulia, anakula kwa wa kulia, anaandika jina lake kwa wa kulia kwa maandishi yanayoinama kama nyasi, shule ya zamani iliwanyoosha wote kwa fimbo, lakini akiwa na kazi ndogo ndogo na akadhani hakuna anayemtazama ni wa kushoto, siku zote ni wa kushoto, nimeliona hili maisha yangu yote kama mtu anavyoona kuta za chumba chake, yaani haoni, na naivuta picha karibu, navaa miwani ya kutungia uzi.

Na sasa natazama kama fundi, si kama mjukuu wa mzee, mikanda ya kodiani, ile ya begani, haiko begani kwa mzee, imening'inia pembeni ya magoti yake, nadhani nilijua lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini, nautafutia mmoja kipimo kwa kidole, kutoka ncha mpaka ncha, kwa kulinganisha na kiganja chake, na mkanda huo haumwenei, Bwana wangu, haumwenei hata kidogo, mwanamume wa kifua kile hawezi kuupitisha begani hata akiwa amevua koti, umekatwa mfupi, umekatwa kwa mabega membamba, ya mtoto wa miaka kumi na miwili, na pale unaposhikana na kodiani pana kipande cha ngozi iliyokoza, mshono wa mistari miwili, mshono wa viatu vya shule, na upande wa pili yapo matundu matupu, ndipo mkanda ulipokuwa mwanzo kabla haujahamishwa… aliuhamisha, aliigeuza kodiani nzima, Babu, asiyejua wimbo mmoja, alimwona binti yake anavyohangaika na vibao upande usio wake akang'oa mikanda akaishona upya kwa mkono wake, ili juu iwe chini na kulia kuwe kushoto, sharti dunia igeuke lakini mtoto asigeuzwe, na mimi hivi punde, Karani aliponionyesha vibao, nilidhani, na nakiri nilimcheka moyoni, nilidhani mzee aliishika kichwa chini kwa sababu alikuwa mshamba wa muziki, kumbe ameishika vilivyo, ameishika kama ilivyopaswa kushikwa na mwenyewe, amempakatia, kama unavyompakatia mtu mtoto wake wakati anafunga kilemba, fundi picha bila shaka ndiye aliyesema, mzee akae na chombo, mtoto asimame, ndivyo walivyokuwa wanapanga watu, na hata hivyo tazama mkono wa yule msichana, nilikuwa nadhani ameukunja kwa aibu, amesimama kushoto kwa baba yake, mkono wake wa karibu ni wa kulia, lakini amevusha wa kushoto mbele ya kifua chake mwenyewe mpaka vidole viwili vimegusa kibao, hakuweza kujizuia, kidogo tu, maana ilikuwa yake.

Bibi, mchapaji, anasema Karani, na safari hii amekaa, ameweka kalamu juu ya ule mstari mtupu, nikianza kutembea sasa hivi nitafika, niambie tu, picha imegeuzwa au Babu alikuwa wa shoto, chagua moja… nami naona jinsi nitakavyosema, ninalo lote, limejipanga, nitasema mjukuu wangu, keti, nikwambie dhambi ya bibi yako, nitaanzia kwenye soksi moja, nitalia, atanishika mkono, Jumapili mwanangu atasimama mbele ya kanisa aseme mama yangu ana moyo wa toba, na watu watanishika mabega kama siku ile ya sketi, na katikati ya hayo yote Bi Mkubwa atakuwa amekaa benchi la kwanza, mikono mapajani, hasikii vizuri, anapiga makofi wengine wanapopiga, na hadithi itakuwa yangu tena, nilimpokonya nikampa babu, sasa nitampokonya babu nijipe mimi, kwa machozi, toba gani hiyo, Bwana, umenionyesha, hata kuungama kwangu nakukata kwa kipimo changu… na nikimwuliza tu, Mama, huyu mwenye kodiani ni nani, najua atakavyojibu, atanitazama, ataona ninavyoogopa, atasema baba alikipenda sana chombo kile, atanisitiri, kama alivyoitundika ile taulo, atanisitiri mpaka kaburini na ukurasa wa pili utachapwa hivyo hivyo na mwanangu ataendelea kuutafuta mkono wake kwa mtu aliyekufa, na mwenye mkono ndiye anayemsalimia kila asubuhi akienda kazini, ndiye aliyemfungua utepe… kwa hiyo nisimwulize kama shahidi, nisimpe pa kunifichia.

Weka kalamu kwanza, namwambia Karani, sauti yangu inatoka na vumbi, anasema lakini saa, Bibi, namwambia saa ipo, na nazunguka meza, joho la mtu mrefu linaanguka sakafuni, siliokoti, hatua tano, magoti yanalia, nachuchumaa mbele ya kiti chake mpaka uso wangu uko mbele ya uso wake, kikombe chake kinafuka mvuke kwenye kizingiti cha dirisha, vifungo vya matundu manne viko kwenye kifuniko, nyuma yangu nasikia kiti cha Karani kimesogezwa, anakuja, anafikiri mzee anaumwa, na sijui baada ya hapa nitakuwa nani machoni pa watu hawa wawili, na nasema, polepole, ili midomo yangu isomeke, Mama, siku ile, fundi picha alipomaliza, mkabaki wewe na Babu, ulipiga wimbo gani… na mkono wake umetulia ndani ya kopo, ananitazama, na mama yangu haniulizi ni picha gani.